Hodi kwa Midoli

Kasongo, Jumanne usiku

Eti nimepiga hodi kwa midoli, mtu wa umri wangu!

Nilikwenda kwenye ile nyumba ya zamani ya Wabelgiji, kwenye chumba wanamoonyesha vijumba vya midoli. Makala ya gazeti ilikuwa tayari kichwani: chumba kile kifungwe, kiwe ofisi. Mama Feza, mtunzaji, amefunika kila kijumba kwa kitenge, maana upande wa mbele hauna ukuta.

"Piga hodi kwanza, Papa. Iko watu ndani."

"Hawa si watu, Mama. Ni midoli ya wazungu."

"Kama si watu, unawaogopa nini?"

Nikapiga hodi. Akafunua kitenge. Mezani, kati ya bwana na bibi, ameketi boyi wao, mdoli mweusi wa mtumishi na aproni yake, sahani mbele yake.

"Walimusimamisha pa mulango," akasema. "Mimi nilimukalisha. Naye akule."

Bado sipendi vitu vile. Lakini makala siiandiki. Wanaokitaka chumba walikuwa wakiisubiri, watasema nimenunuliwa au nimezeeka. Waseme. Ofisi waitafutie mahali pengine, na wakitaka ugomvi, wananijua.