Vitabu Alivyoandikiwa Mama Kunegunda

Mpendwa Shangazi Ursula, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijagombana na parokia nzima. Mimi ni mwalimu hapa Songea, na Jumapili ya mavuno, wenzangu wakileta kuku na magunia ya mahindi, Mama Kunegunda, mwalimu mstaafu ambaye zamani aliandika hadithi, alitoa sadaka katoni ya vitabu, na baada ya misa vikanadiwa pale nje pamoja na ndizi, mimi nikapata kimoja, kufika nyumbani nafunua, mama yangu! mwandiko wenyewe wa marehemu Anord Ndimbo, mwandishi tuliyemsoma sote shuleni: "Kunegunda dada yangu, sura ya mwisho niliifuta yote baada ya wewe kunikaripia. Ulikuwa sahihi." Shangazi, nilikwenda kunawa mikono ndipo nikakishika tena. Tangu hapo sijatulia, nimewafuata walionunua vingine, mmoja Hanga, mwingine hadi Tunduru, nikabadilishana nao kwa kuku, kwa redio, mpaka vyote nimevipata, na kila kimoja kina neno lake, kingine kinasema, "Hiki nakupa huku naogopa," hebu fikiria, Ndimbo anaogopa! Nimeviweka kwenye kabati la kioo na wageni wakifika mbele yake wananong'ona. Sasa binti yake Mama Kunegunda, Recho, anasema mama kazeeka, alikosea katoni, nivirudishe, katekista anasema sadaka ikishatolewa haidaiwi, mke wangu anataka nivifiche kwa kaka yake kule Nalasi. Nikivirudisha nitaugua, nikibaki navyo naona nimemwibia mtu mkubwa. Nifanyeje?

Otto, Songea

Marahaba, Otto. Pole, tena hongera, maana hata mimi chai imepoa nikiyarudia maneno hayo. Mtu wa kumkaripia Ndimbo, naye akakubali! Na mtu huyo mnasali naye kanisa moja.

Lakini mbona unanichosha? Umemsikiliza Recho, katekista na mkeo, sasa umefika mpaka kwangu gazetini, wakati mwenye vitabu yuko hai na hujabisha hodi kwake. Tunduru umefika, kwa Mama Kunegunda kumekushinda! Unamwogopa, najua, hata mimi ningemwogopa. Na hilo la kukosea katoni liacheni kwanza. Siku ya mavuno mtu hutoa zao lake bora, na labda kwake zao lilikuwa hilo. Mimi sijui, wewe hujui, na Recho hajui.

Habari za Nalasi achana nazo kabisa, ni upuuzi. Jumamosi hii vifungashe vyote, kisibaki hata kimoja, uvipeleke mwenyewe. Msalimie, viweke mezani kwake, mweleze ulivyovipata, halafu unyamaze umsikilize. Akivitaka, viache na urudi bila kununa. Akikuachia, mshukuru.

Jambo moja limeniuma. Barua yote hiyo ndefu, hujataja hata kitabu kimoja alichoandika Mama Kunegunda mwenyewe. Kitafute, ukisome mpaka mwisho, nenda nacho, na umwombe akuandikie jina lako ndani kwa mkono wake.

Shangazi Ursula