Miche Chini ya Wavu wa Dagaa

Jumatatu, 4 Julai 1994
Nimemwagilia kitalu asubuhi. Miche ya nyanya imepanda haraka ajabu! Tayari inagusa paa la nyasi. Mbegu hizi za pakiti, za maduka mapya ya watu binafsi kule mjini, si mchezo. Tangu ofisi yetu ya pamba ifungwe nimekuwa mtu wa kukaa tu hapa Buhongwa. Sasa nina cha kuringia. Mama mkwe amenipa bonde lake msimu huu. Nyanya zikikubali, linabaki kwangu. Zikikataa, anapewa shemeji Masanja, ambaye ameshaanza kulipima kwa macho.

Alhamisi, 7 Julai
Mjinga mimi. Ule urefu haukuwa afya. Leo nimeinua nyasi: shina jembamba kama uzi, majani ya njano, miche yote imeinamia mashariki, penye mwanya wa paa. Ilikuwa inatafuta mwanga. Nikang'oa paa lote mchana kweupe, kwa hasira. Kufika jioni imelala chini, imekufa. Nimelia. Imebaki nusu pakiti.

Ijumaa, 8 Julai
Nimesia tena. Sitaki nyasi. Jirani mvuvi amenipa wavu chakavu wa dagaa, tundu ndogondogo, jua linapita limechujwa. Masanja kacheka mpaka kakaa chini. Eti nataka kuvua nyanya. Na acheke.

Jumatatu, 18 Julai
Imeota! Mifupi, minene, kijani kibichi. Nimeenda kuitazama mara sijui ngapi. Ugali umeungua na sijali.

Jumatano, 20 Julai
Nimekuta nyasi nene juu ya wavu. Nani kama si Masanja? Nimezitupa mbali. Damu inanichemka.

Ijumaa, 22 Julai
Nyasi tena jana. Leo alfajiri nikajibanza nyuma ya migomba. Si Masanja. Ni Mama mkwe, mzigo wa nyasi kichwani. Nikatoka na shikamoo yangu ya aibu.
"Marahaba. Mama Neema, mtoto mchanga unamwanika juani? Hata kitovu hakijadondoka!"
Kwao kichanga hakitolewi nje mpaka kitovu kidondoke. Kumbe hata kitalu cha kwanza alikuwa akikiongezea nyasi kila apitapo, kwa huruma. Nilitaka kupiga kelele. Nikacheka mpaka machozi. Nimemwomba jambo moja tu: tufunike mche mmoja kwa kopo lenye tundu ubavuni, tuone.

Jumatatu, 25 Julai
Tumefunua kopo. Mche umejikunja wote kuelekea tunduni! Mama hakuamini. Kaligeuza kopo mwenyewe, tundu likatazama upande wa pili.

Alhamisi, 28 Julai
Umegeuka! Umepinda shingo ukafuata tundu. Mama kapiga vigelegele peke yake bondeni.
"Kumbe mwanga ndio uji wao!"
Nimemkumbatia mama mkwe. Sijui kama inaruhusiwa.

Jumatano, 3 Agosti
Tunaizoesha miche jua sasa. Wavu unatoka asubuhi, unarudi mchana, kila siku tunauchelewesha kidogo. Mama ndiye anayeamua, na mkali kweli. Masanja ameuliza atapewa bonde lini. Mama kaendelea kukunja wavu. Jambo hilo limeninyima raha.

Ijumaa, 12 Agosti
Jana jioni tumehamishia miche shambani. Leo jua kali, hakuna wavu. Saa saba majani yote yalinyong'onyea. Nilijua nimekwisha. Nikakaa kwenye tuta nikangoja. Jua lilipopoa, mmoja ukainuka. Kisha mstari mzima. Yote imesimama! Nimekimbia hadi kwa Mama bila kandambili.

Jumapili, 21 Agosti
Majani mapya yamechomoza. Mama ametoka kanisani, hakuingia ndani. Amekuja bondeni na fungu la vipande vya minyaa, akaanza kuvipanda kimoja kimoja kati ya bonde hili na shamba la Masanja. Huku ua wa minyaa ukishapandwa, mpaka hauulizwi tena. Hakusubiri hata mavuno. Masanja alitazama muda, kisha akaleta jembe akamchimbia. Nilienda kisimani kuchota maji.