Hukumu Niliyoisoma Kuanzia Nyuma

Jumatatu, 3 Machi
Makala yangu imetoka! Ukurasa wa tisa, na ile picha yangu ya mashavu. "Kusuka nywele nyumbani hakuhitaji leseni, yasema mahakama ya rufaa." Mhariri hakugusa hata nukta. Hukumu ilitoka Ijumaa mchana, jioni nilikuwa nimeshamaliza kuichambua. Siri yangu ni moja: nasoma kuanzia nyuma. Majaji wana maneno mengi, uamuzi wenyewe unakaa mwishoni.

Shangazi kapiga simu. Kawasomea majirani kwa sauti, mara mbili. Tangu mkaguzi wa leseni ampe onyo, vitana vyake vilikuwa kabatini, na yeye bila kusuka ni mgonjwa kabisa. Leo kaviosha vyote. Kesho anafungua. Nimetembea kifua mbele siku nzima.

Jumanne, 4 Machi
Vichwa vitatu kabla ya saa sita! Nimepita jioni — kicheko kinasikika hadi barabarani. Makala imebandikwa ukutani. Shangazi ananitambulisha kwa kila mteja: huyu ndiye mwenye sheria. Na mimi nimesukwa, nikavutwa mpaka nyusi zimepanda. Raha tupu.

Alhamisi, 6 Machi
Mungu wangu.

Mwenzangu wa ofisini, tunamwita Kifungu maana hata salamu anaitajia kifungu cha sheria, kaniuliza kwa ule upole wake wa kuudhi: nimesoma kurasa zipi? Nikasema sitini na tatu hadi mwisho. Akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Ule si uamuzi, dada! Ni jaji wa tatu, aliyewakatalia wenzake. Wale wawili wamesema leseni lazima, hata ukisukia jikoni kwako.

Nimefungua sitini na moja. "Napingana na ndugu zangu." Juu kabisa! Kurasa mbili tu zaidi ningeliona. Mjinga mimi! Na alivyoandika vizuri yule jaji, bado nakubaliana naye — haisaidii.

Mhariri hakufoka. Afadhali angefoka. Masahihisho yatoke Jumatatu, kwa herufi kubwa vilevile, na niandike mwenyewe. Shangazi nimempigia mara nne. Hapokei, mikono ina mafuta.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwambia. Alikuwa katikati ya kichwa cha mtu. Akaangua kicheko! "Sasa huyu nimwache nusu?" Akamaliza, mstari kwa mstari, bila haraka.

Mteja alipoondoka ndipo akakaa. Akasema taratibu: safari hii hakuna onyo. Wakimkuta anasuka wanachukua vifaa, na leseni hapewi tena miaka mitatu. Nikalia mimi! Yeye ndiye akanipa taulo.

Nimeisoma hukumu yote, kuanzia mbele, kwa mara ya kwanza maishani. Na ukurasa wa arobaini na nne upo mlango mdogo: hata aliyeonywa, akipeleka maombi ya leseni kabla ya kukaguliwa tena hafungiwi mpaka ajibiwe. Kabla ya kukaguliwa tena! Fomu tumejaza. Ofisi ya leseni inafunguliwa Jumatatu. Nimemsihi apumzike hadi hapo. Kasema kesho ana bibi harusi, keshampa neno lake.

Jumamosi, 8 Machi
Niko barazani kwa shangazi. Mkaguzi yupo.

Kaja saa tatu. Mtu mzima, miwani, faili kwapani. Shangazi kaganda na kitana hewani. Bibi harusi, nusu ya kichwa imesukwa, kafumba macho kabisa.

Mkaguzi kafungua faili. Ndani — makala yangu! Imekatwa kwa mkasi, imepigiwa mistari. Amekuja kufuta onyo, kasema, na kumwomba mama radhi kwa usumbufu. Anahitaji tu namba ya ukurasa wa hukumu, aijaze kwenye fomu yake.

Shangazi, sijui ni fahari au woga, kanielekezea kitana: mwandishi ndiye huyu, muulize.

Mkaguzi kasimama kunipa mkono! Ananisoma kila Jumatatu, kasema. Wengine hawaamini, mimi ananiamini. Akafungua kalamu. "Haya, dada. Ukurasa wa ngapi?"

Nikamwambia, mzee, kaa kwanza.

Amekaa. Shangazi kaenda kumletea maji na anachelewa makusudi, namsikia akiosha glasi ileile. Mimi najifanya natafuta ukurasa kwenye daftari hili. Anatabasamu, hana haraka. Bibi harusi kafumbua jicho moja, ananitazama —