Meza Nane Zimejaa, Jumatatu Tunavunja Ukuta

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba pia usome mpaka mwisho kabla hujacheka, maana dada yangu nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini, na mimi ninayesimulia nalia.

Mimi na mume wangu tuna mgahawa mdogo wa meza nane, yeye anapika, mimi nahudumu na kupokea hela, ila mwaka wa kwanza hela yenyewe ya kupokea haikuwepo, wali umeiva, supu ya samaki inachemka, mchana unapita na wateja ni nzi tu, na mume wangu, aliyeacha kazi ya kupika hospitalini kwa ajili ya mgahawa huu, akawa mnyonge, anachungulia kwenye kidirisha cha jikoni, akiona viti vitupu anarudi kusugua sufuria ambayo ni safi tayari. Siku moja akasema, "Mama watoto, labda mimi sijui kupika." Mshauri, roho iliniuma.

Hapo ndipo nilipoharibu. Niliwaita wenzangu niliojifunza nao ushonaji, wako kumi na wawili na mume wangu hamjui hata mmoja, nikawaambia njooni mchana mle bure, kaeni muonekane, ongeeni kwa sauti. Wakaja. Mume wangu kuchungulia akaona meza zimejaa, jamani, alianza kuimba! Basi nikashindwa kuacha, wakawa wanakuja kila siku, wanabadilishana vitambaa vya kichwa na kukaa wamegeuzia jiko mgongo ili asiwashtukie, na ili jioni hela ionekane kwenye droo nikauza cherehani yangu, nikasema iko kwa fundi, mwezi wa tatu huu, mpaka mume wangu ameuliza, "Hivi huyo fundi anaitengeneza au anaizaa?"

Na hao wageni wangu wameshaota pembe, juzi mmoja amerudisha samaki eti kakauka, mwingine nimemnyima nyongeza akanuna, na siku hiyohiyo dereva wa lori la maji alikuja na wenzake wawili kama kawaida yao, wakakosa pa kukaa, wakaondoka, nikasema moyoni afadhali, mume wangu ataona watu mpaka wanakosa nafasi.

Kweli ameona. Sasa anataka tupange chumba cha jirani, ukuta uvunjwe, meza ziwe kumi na sita. Fundi mwashi anakuja Jumatatu, na kodi itatoka kwenye akiba yetu yote iliyobaki. Nikisema ukweli namvunja yeye, nikinyamaza unavunjwa ukuta. Hata kula sili vizuri, tangu tufungue sijawahi kukaa, nadokoa sufuriani nikiwa nimesimama. Nifanyeje?

Mwenye Mgahawa Uliojaa

*

Mwenye Mgahawa Uliojaa,

Pole sana, mwanangu. Nimecheka, sikufichi, kwenye vitambaa vya kichwa ilibidi nivue miwani. Sasa nimemaliza, nisikilize.

Hivi ulisoma ulichoandika? Dereva wa lori la maji na wenzake, "kama kawaida yao". Hao nao uliwaita? Wanakuja kwa miguu yao, na hela yao mfukoni, wanafuata supu ya mumeo, na wewe umewakosesha viti ili washonaji wakae! Halafu unasema afadhali. Afadhali ya nini, mama? Ungekuwa karibu ningekufinya.

Na wangapi wengine walichungulia mlangoni wakaondoka, wewe ukiwa unabeba sahani za bure? Hujui, na mimi sijui. Ukishaacha viti wazi utajua.

Kwa hiyo fundi mwashi mpigie simu leo hii, usingoje Jumatatu, mwambie asije. Washonaji washukuru, walikusaidia kwa nia njema, lakini waambie sherehe imekwisha. Anayependa chakula arudi na hela yake, na yule wa samaki mkavu atangulie. Kuhusu cherehani, usije ukasema imeibiwa. Umeshachoka na uongo ulionao, wa nini kuongeza mwingine?

Mumeo umwambie wewe, kabla hajasikia kwa yule aliyenuna. Atakasirika, na mwache akasirike, umemdanganya miezi mitatu huku anaimba. Usijitetee na usimlilie. Akinyamaza, mweleze habari za dereva. Mtu aliyekuambia labda hajui kupika ana haki ya kujua kwamba kuna watu watatu wanaolipa na kurudi, na akiba yenu bado ipo, na meza nane bado zipo. Mtaanzia hapo, wawili, si wewe peke yako na siri zako.

Utamwambia lini? Kesho alasiri, wateja wakishaondoka na mgahawa ukiwa mtupu. Chagua meza, vuta kiti, ukae. Nimesema ukae, sikusema uegemee! Agiza supu ya samaki kupitia kidirishani, akuletee mwenyewe. Muda wote huu umemtafutia watu wa kula chakula chake, na hajakuona hata mara moja wewe umekaa unakula. Kula mpaka bakuli liishe, akiwa mbele yako, ndipo useme yote.

Na kabla hujainuka, lipa.