Kisu cha Baba Kimekataa Dhahabu

Kyoto, Japani

Mama yangu,

Shikamoo mama. Presha imeshuka, au bado unatuficha? Na mpunga je, tembo wamewaachia chochote? Mimi nakula, nalala, ila mzima sisemi. Tangu mmzike baba bila mimi, chakula nakimeza tu.

Kile kisu cha mwisho alichofua baba, alichokituma kaka Zabroni, kimefika. Nilipokifungua nikasikia harufu ya moshi wa tanuru la baba, nikalia mbele ya mzee anayenifundisha kazi. Mzee wa watu akageukia ukutani, asinitazame.

Sasa mama, ombi lako la kuandika jina la baba kwa dhahabu kwenye kisu hicho. Kazi yetu iko hivi: tunachora kwa patasi kwenye chuma mistari myembamba inayokatizana kama nyuzi za kitambaa, tunagongea dhahabu humo ikashika. Halafu chuma tunakiacha kipate kutu makusudi, tunakichemsha na majani ya chai, kutu inakoma, kinabaki cheusi na dhahabu inawaka. Baba angesema hawa watu wamelogwa!

Nikaanza. Patasi ikateleza. Nikainoa, nikagonga tena, ncha ikakatika. Ikatoka mikwaruzo tu, dhahabu nikiigusa inabanduka. Si unajua baba alivyofua springi ya lori ikawa kisu hiki, akaichovya majini ikiwa nyekundu? Ni ngumu kuliko patasi zetu.

Mzee akasema, "Kirudishe motoni kilegee. Dhahabu itashika, ila kukata basi tena."

Motoni! Mimi, ambaye baba alinifukuza kwenye mivukuto: "Toka hapo, mwanamke akisogelea tanuru chuma kinapasuka!" Nilimchukia siku zile mama, sikufichi. Basi moto nikauwasha, kisu nikakishika kwa koleo. Kwanza nikajaribu makali kwenye kitambaa. Kisu kikapita kama hakuna kitu. Nikazima moto, nikakaa chini.

Nisalimie shangazi, mwambie nimesikia ndiye aliyemwosha baba, Mungu ambariki. Na kaka asiache tanuru lipoe.

Kisu kinarudi bila jina. Msikiweke mezani kama pambo, kikatieni nyama siku ya kumaliza msiba. Ile mikwaruzo ubavuni haitoki, kaka asijisumbue kuisugua. Watu wakiuliza, waambie ni ya binti yake: hakumzika, na jina lake alishindwa kuliandika.

Mwanao,
Yunisi