Baba Katoroshwa kwa Bodaboda Kwenda Kutazama Fahali

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijamfikisha mtu kwa chifu. Baba yangu, Mzee Lihanda, alipata kiharusi mwaka jana, upande wa kushoto ukalala, nikaacha kibanda changu cha mitumba mjini Kakamega nikarudi Shinyalu kumtunza, mimi ndiye namwogesha maana kaka yangu Mark anasema kuogesha ni kazi ya wanawake, nampa uji bila sukari, redio ya mahubiri nimemwashia kutwa, majirani wananisifu, lakini yeye haongei, hali, amegeukia ukuta tu, na nesi akasema huenda ni sonona, mimi nikaona ni upungufu wa maombi. Jumamosi natoka kisimani nakuta kitanda kitupu, kumbe Lazarus wa bodaboda amemfunga mgongoni kwa leso akampeleka kwenye mapigano ya fahali! Nilimkuta amekalia kreti ya soda, paja la ingokho, kuku wetu wa kienyeji, mkononi, anamfokea fahali wa watu, "Ng'ombe gani wewe, umelishwa bure!" Nilipomkaripia Lazarus akanijibu, "Dada, mzee amepooza mguu, hajapooza macho." Nikamrudisha baba, njiani akaniuliza, "Wewe ni mtoto wangu ama askari wa jela?" na tangu hapo ni ukuta tena, leo siku ya nne, anameza vijiko viwili vya uji basi. Je, nimshtaki Lazarus?

Risper, Shinyalu

Risper, pole. Kazi yako ni ngumu, na sifa za majirani hazifui shuka. Lakini kwa maelezo yako mwenyewe, baba yako amekula kwa hamu mara moja, na siku hiyo hukuwa wewe uliyemlisha. Huyo aliyemlisha ndiye unataka kumshtaki?

Mzee wa Shinyalu anaoshwa na binti yake wa kumzaa, halafu unashangaa anatazama ukuta! Mark ashike sabuni kesho asubuhi. Akikataa, huyo ndiye wa chifu.

Siku nne za vijiko viwili si kudeka. Mpeleke hospitali leo, umwambie daktari maneno ya nesi. Sonona ni ugonjwa na ina matibabu. Omba ukiwa kwenye foleni. Na hiyo redio, zima.

Daktari akiruhusu, arudi kwa fahali wake. Aende kwa gari, ameze dawa kwanza, kiti kiwe mbali na pembe. Mark aende naye, wewe ubaki ulale. Anaweza kufia uwanjani, sikufichi. Hata ukutani watu hufa, tena polepole.

Umeniandikia mimi, nisiyemjua, kuuliza baba yako aishi vipi. Yuko chumba cha pili. Muulize, kisha unyamaze mpaka amalize, hata maneno yakitoka nusunusu.