Futi Shingoni mwa Wifi

Jumamosi, 26 Julai 2025

Naanza kuandika nyuma ya daftari la vipimo, kichwa chini, ili mteja akifunua asione kitu. Mbele kuna vifua, viuno na urefu wa mikono ya watu. Nyuma nitakaa mimi, Mugeni, fundi cherehani.

Leo baada ya umuganda, kazi yetu ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, majembe bado mikononi, mkuu wa umudugudu, mtaa wetu, alisoma karatasi. Shule ya juu imejaa, watoto wanasoma kwa zamu. Shule mpya ya bondeni imekamilika. Kwa hiyo barabara ya lami ndiyo mpaka. Wanaokaa juu ya barabara watabaki shule ya juu. Wa chini watashuka bondeni, kuanzia Septemba. Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga! Nimefika nyumbani, nimenawa miguu, ndipo nikakumbuka kwamba mimi ni wa chini.

Jioni nilipima. Kutoka mlangoni kwangu mpaka alama za pundamilia ni hatua sitini. Ukivuka tu, geti la shule hilo hapo.

Kaliza wangu hasikii. Ni ile homa ya uti wa mgongo, alipokuwa na miaka miwili. Sasa ana tisa. Mwalimu Achille alimpokea darasa la kwanza bila kujua ishara hata moja, akajifunza, na darasa zima likajifunza naye. Leo watoto hamsini na wanne wanaongea kwa mikono — hasa wakiwa hawataki mwalimu ajue wanachosema. Asubuhi wanamngoja kwenye pundamilia, wanamzunguka, wanavuka naye. Hao ndio ninaonyang'anywa. Shule ni matofali tu.

Jumanne, 29 Julai

Ofisini. Foleni ya kina mama mpaka nje. Binti wa kompyuta ana adabu, sina la kumlaumu. Alisema mashine inasoma umudugudu wa mtoto na kumpa shule, hata yeye hawezi kuibembeleza. Ruhusa ya pekee ipo, lakini inataka barua ya jopo la madaktari. Tarehe niliyopewa ni 18 Novemba. Shule zinafunguliwa 8 Septemba. Nikauliza, hapo katikati mtoto afanye nini? Akasema aanze bondeni kwanza, halafu tutaona.

Nikashuka kuiona. Nisiseme uongo, shule ni nzuri. Vioo, vyoo safi, bustani. Lakini njia! Inapita katikati ya magereji. Malori yanarudi nyuma kutwa nzima na dereva anategemea honi. Kaliza na honi wapi na wapi. Na darasani watakuwa sabini, hakuna hata mmoja anayejua kuita jina lake kwa mikono.

Ipo shule ya viziwi, najua, nimeambiwa na kila mtu. Ni bweni, wilaya nyingine. Nilimpeleka akiwa na miaka sita. Siku nne hakula. Siku ya tano nikamrudisha nimembeba mgongoni, mtoto mkubwa vile. Sirudii.

Jumapili, 3 Agosti

Wifi Ingrid alipita akitoka misa. Ni dada wa marehemu mume wangu, Régis. Anakaa ng'ambo, juu ya barabara, nyumba ya geti la bluu. Nikiwa kwenye cherehani namwona akianika nguo. Hana mtoto. Amekulia Bujumbura, na jambo lolote lazima alipitishe kwenye rozari kwanza. Leo alikuwa ameshalipitisha.

"Wifi," akasema, "si umuandikishe kwangu? Mutoto ni wa kaka yangu. Damu iko moja."

Nikamwambia huko ni kudanganya serikali.

"Ni kwa karatasi tu. Kula atakula kwako, kulala atalala kwako. Kwangu litakaa jina."

Nilishona pindo moja mara mbili, nikalifumua.

Jumatano, 13 Agosti

Nimefanya.

Munyakazi ndiye mkuu wa isibo yetu, nyumba ishirini na tatu, na anajua mpaka kuku wa nani hatagi. Alifungua daftari lake akaniuliza kama mtoto anahama moja kwa moja. Nikasema moja kwa moja. Alinitazama juu ya miwani, akachukua rula, akakata jina la Kaliza kwa mstari ulionyooka. Alikuwa anafanya kazi yake vizuri, basi. Lakini ile rula imeniuma.

Halafu akaongeza, kama mtu anayesema habari za mvua, kwamba watu wa ofisi watapita kuangalia mtoto analala wapi kweli. Kumbe si karatasi tu! Kaliza atalala kwa Ingrid wiki nzima. Kwangu atakuja Jumamosi.

Sasa kumweleza. Hapo ndipo pagumu. Kwa Kaliza, ishara ya mama ni mimi. Mikono miwili inashuka kutoka shingoni mpaka kifuani, kama futi yangu ya kupimia inavyoning'inia. Aliibuni mwenyewe akiwa na miaka mitatu, na mtaa mzima unaijua. Neno jingine la mama hana. Nitamwambiaje kwamba mama ni Ingrid?

Nikavua futi, nikamvisha wifi shingoni. Nikamwonyesha Kaliza: mama. Akacheka, akaivua, akanirudishia. Nikamvisha wifi tena. Kaliza akairudisha tena, huku anacheka. Mara ya tatu hakucheka. Alitutazama, huyu na huyu, kisha akaninyooshea kidole: na wewe?

Nikazungusha mkono, gurudumu la cherehani. Fundi.

Ingrid alikuwa analia. Nikamwambia asilie mbele ya mtoto, ataharibu somo.

Jumatano, 20 Agosti

Mazoezi kila asubuhi kabla wateja hawajaja. Mama? Ingrid. Nyumba? Geti la bluu. Yule? Fundi. Akikosea tunaanza upya. Akipatia, andazi.

Petro alimkana Bwana kwa sababu ya hofu. Mimi ninamfundisha mtoto anikane kwa andazi. Mungu, unaniona, na sina njia nyingine.

Jumatatu, 8 Septemba

Shule zimefunguliwa. Nilisimama dirishani tangu saa kumi na mbili. Ingrid alimtoa akiwa na soksi nyeupe, amemshika mkono mpaka getini. Watoto wa darasa lake walimvamia, mikono yote juu, wanaongea kwa pamoja. Mwezi mzima wa likizo wa kusimuliana!

Nimelia mpaka nikachoma kola ya mteja kwa pasi. Ni furaha. Naandika hapa ili nisisahau kwamba leo ilikuwa furaha.

Jumapili, 14 Septemba

Kaliza alikuja jana. Mtoto asiyesikia, akabisha hodi mlangoni kwangu. Alisimama nje anangoja nimfungulie.

Alikula vizuri. Kabla ya kula alifanya ishara ya msalaba, sisi kwa kanisa letu hatufanyi. Alilala na mguu wake juu yangu kama zamani. Leo saa kumi alivaa viatu mwenyewe bila kuambiwa, akakaa kwenye benchi la wateja kungoja wifi aje kumchukua.

Ingrid bado ana futi yangu. Anaivaa hata sokoni, anasema ni ili mtoto asichanganyikiwe. Nimepata nyingine, ya njano. Kaliza aliigusa akaniuliza ni ya nani.

Simchukii wifi. Amemsuka nywele vizuri kuliko mimi. Nataka tu kuandika kwamba leo, akiwa anamvusha barabara, nilitamani ajikwae.

Ijumaa, 19 Septemba

Ofisini wameshtuka. Watoto thelathini na mmoja wamehama kutoka chini kwenda juu ndani ya mwezi mmoja! Tulidhani kila mmoja wetu amebuni peke yake. Ofisi itakuja shuleni Alhamisi, itauliza mtoto mmoja mmoja. Atakayegundulika atashuka bondeni siku hiyohiyo, na jina la mzazi litasomwa baada ya umuganda.

Jioni mwalimu Achille alikuja kama mtu wa kushonewa, akasimama karibu na cherehani bila nguo mkononi. Yeye ndiye atakayemtafsiria Kaliza.

"Mama Kaliza," akasema, "mimi nitasema kile mikono yake inasema. Sitaongeza, sitapunguza. Na mimi niko na watoto kwa nyumba."

Nikamwambia nimeelewa. Hakuondoka. Akaniuliza, "Uko na hakika yeye ataweza?"

Nikasema ataweza. Nilisema haraka mno, kwa majivuno, kama mzazi anayesifia mtoto wake hesabu.

Alhamisi, 25 Septemba

Nilipaswa kubaki nyumbani. Lakini nilikuwa na masweta kumi na mawili ya shule, yamekwisha kushonwa, na fundi anapeleka kazi yake, nani atashangaa? Nilijidanganya hivyo njia nzima. Nilitaka kumwona.

Nilifika mlangoni Kaliza akiwa ameshaketi mbele ya meza. Binti yule wa ofisini. Ingrid pembeni, futi shingoni. Achille amesimama katikati.

Binti akauliza, mama yako ni nani? Achille akauliza kwa mikono. Kaliza akashusha mikono yake kutoka shingoni mpaka kifuani, polepole, vizuri, akamwelekeza Ingrid. Nyumba? Akachora geti, akagusa kalamu ya bluu iliyokuwa mezani. Binti akatabasamu. Alikuwa anafunga faili.

Halafu akaniona nimesimama na masweta. "Na huyu mama, unamjua?"

Kaliza aligeuka. Alinitazama. Mimi nilitazama masweta, kisha nikashindwa, nikamtazama.

Akazungusha mkono. Gurudumu. Halafu akaongeza kitu ambacho sikumfundisha. Alishika pindo la sketi yake akalionyesha kwa yule binti.

"Anasema ni fundi," Achille akasema. "Anasema ndiye amemushonea sketi."

Muhuri ukapigwa. Nikaweka masweta mezani, nikayahesabu kwa sauti mpaka kumi na mawili, nikaaga. Kaliza alinifuata kwa macho mpaka mlangoni. Alikuwa anatazama mikono yangu. Nilifika nyumbani ndipo nikaelewa. Alikuwa anangoja andazi.

Jumamosi, 27 Septemba

Baada ya umuganda yalisomwa majina manne. Langu halikuwemo. Mama mmoja nyumba ya tatu kutoka kwangu alisikia la kwake akaketi chini palepale kwenye udongo, na watu wakamzunguka kana kwamba hayupo. Mwanawe anashuka bondeni Jumatatu. Nilipita na jembe langu. Na mimi sikumwinamia.

Nimepika ndizi na maharage. Kaliza anakuja saa saba.

Saa saba kasoro akaingia Munyakazi. Na daftari. Anahesabu nyumba upya, kila isibo, kwa amri: atakayekutwa ndani anaandikwa hapo.

"Mama Kaliza" — akajirudi — "Mugeni. Hapa munalala bangapi?"

"Mmoja."

Aliandika. Alitazama chungu, chungu cha watu wawili. Nikadhani ataondoka. Akaketi kwenye benchi, akasema kuna suruali yake anataka nimpime, hana haraka.

Kisha nikawaona. Ingrid na Kaliza wamefika kwenye pundamilia, upande wa juu. Ingrid alimwona Munyakazi kabla hajakanyaga lami, akamshika mtoto begani. Wamesimama. Siwezi kumwashiria arudi, Munyakazi amekaa uso kwa uso na dirisha. Siwezi kumwashiria aje.

Kaliza ameniona. Ameinua mikono shingoni, inaanza kushuka, imesimama kifuani katikati. Ameiondoa. Amezungusha gurudumu. Amesimama tena, nyusi juu, kichwa upande. Anauliza. Ni lipi?

Anarudia. Shingoni. Gurudumu. Ni lipi, hapa?

Munyakazi ameinua kichwa. Ishara ile anaijua, mtaa mzima unaijua. Ameangalia barabara, ameniangalia mimi. Ameuliza, bila ukali, yule mutoto anauliza nini.

Nimemwambia ngoja kwanza niandike kiuno chako. Nimefungua daftari kwa nyuma. Anadhani ninaandika kiuno chake.

Lori limepita likawaficha. Limeondoka. Bado yupo. Bado anauliza, sasa haraka haraka, anavyofanya akidhani sijaona. Maharage yanaungua, nasikia harufu. Munyakazi anangoja. Siinui macho. Mkono mmoja umeshika kalamu, mwingine nimeubana juu ya daftari, na lazima niendelee kuandika, chochote, kiuno thelathini na nane, mguu arobaini na moja, kwa sababu nikiiachia mikono hii itamjibu